Wanaruka mbele yangu lakini hawashiki: jibu kwa mvuvi wa mto Tywi

Swali lenyewe, kwa ufupi. Msomaji mmoja mzaliwa wa Nyeri, ambaye sasa ni muuguzi mjini Carmarthen, kusini-magharibi mwa Wales, ameniandikia hivi: "Mzee wangu, nilikulia kando ya mto Gura nikivua trauti tangu nikiwa mtoto. Hapa nimekata kibali cha kuvua mto Tywi, na Juni hii nimekwenda jioni nne. Jua likizama tu naingia majini naanza kutupa. Samaki wakubwa wanaruka, mmoja alinirushia maji mpaka usoni, lakini hakuna hata mmoja aliyegusa ndoana. Nakosea wapi? Na nikimpata, naruhusiwa kumpeleka nyumbani kwa mke wangu?"

Mwanangu, unaanza mapema mno, na unaanza kwa kuingia majini. Makosa hayo mawili yanatosha kukuharibia usiku mzima, hata ungekuwa na ufito wa kuvulia wa bei gani. Mengine yote unayajua tayari, maana Gura ni shule nzuri. Lakini kuna jambo moja ambalo Gura haikuweza kukufundisha, nalo ni tabia ya trauti aliyekwenda baharini akarudi.

Kwa ukoo, huyu anayekurushia maji Tywi na yule wa kwenu ni samaki mmoja. Wanasayansi wanawaita wote Salmo trutta. Trauti wa kahawia wa Kenya wametokana na mayai ambayo mlowezi wa Kiingereza Ewart Grogan aliyaagiza mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti, na Gura ndio uliotangulia kuwapokea. Wako pale mpaka leo kwa sababu maji ya milima ya Aberdare ni ya baridi, na hawatoki kwa sababu Gura unateremka kuingia Tana, na Tana ya chini ina joto ambalo trauti hawezi kulistahimili. Kwa hiyo tangu enzi za babu zako samaki wale wameishi mtoni, wakala mtoni, wakafa mtoni. Ukimtupia nzi wa bandia aliyefanana na mdudu, anashika kwa sababu ana njaa.

Huku njia ya kwenda baharini iko wazi. Trauti wa Tywi akifikisha miaka miwili au mitatu, urefu wake ukiwa kama kiganja na vidole vyake, ama hubaki mtoni, ama hubadilika rangi akawa wa fedha na kushuka na maji ya Aprili na Mei. Wengi wanaoondoka ni majike. Jike anahitaji mwili mkubwa ili abebe mayai mengi, na mwili huo haupatikani kwa kula wadudu wa mtoni. Unapatikana Ghuba ya Carmarthen, kwenye visamaki jamii ya dagaa na kamba wadogo. Wengine hurudi baada ya miezi michache tu, Julai na Agosti, wakiwa na nusu kilo hivi. Wengine hukaa zaidi, na hao ndio wale vigogo wa kilo 3, kilo 5 na zaidi ambao hupanda mapema, kuanzia Aprili hadi Juni. Waelisi, yaani wenyeji wa Wales, wa upande huu humwita samaki huyu sewin, na wewe ukimwita hivyo pale kwenye klabu ya wavuvi watakusogezea kiti.

Sasa sikiliza. Sewin akirudi mtoni hakufuata chakula. Tumbo lake amelijaza huko alikotoka, na amepanda ili afike kwenye kokoto za vijito vya juu azae kuanzia Oktoba. Miezi yote ya kungoja anakaa ndani ya mto mwembamba wenye maji ya kioo, yeye aliyezoea bahari pana, na kila kivuli kinamtia hofu. Mchana amelala chini kabisa mwa lindi, yaani pale mto ulipo na kina kirefu, chini ya mizizi ya mierebi, hataki kusikia la mtu. Anaporuka jioni hajaruka kumkamata mdudu. Anajinyoosha, anaanza kuamka. Ndiyo maana wanaruka na hawashiki. Ukimwona anaruka, ujue saa yake imekaribia, basi.

Saa yenyewe ndiyo inayowapoteza wengi wetu tuliozaliwa karibu na ikweta. Kwenu jua likizama saa kumi na mbili na nusu, ikifika saa moja na robo huoni kidole chako. Mwili umezoea kwamba jua likienda, usiku umeingia. Carmarthen mwishoni mwa Juni jua huzama baada ya saa tatu na nusu usiku, halafu mwanga unakaa, unakaa, unakaa. Giza la kuaminika huja karibu na saa tano, na hata hapo upande wa kaskazini wa mbingu hubaki na weupe mpaka alfajiri, ambayo nayo huanza kupasuka kabla ya saa kumi. Wewe ukianza kutupa saa tatu na nusu, unavua mchana bila kujua.

Msimu wangu wa kwanza nilifanya hivyo hivyo. Ilikuwa juu kidogo ya kijiji cha Nantgaredig. Nilifika jua likiwa linazama, nikavaa suruali ndefu ya mpira mbiombio, nikawa nashuka ukingoni. Mzee mmoja Mwelisi alikuwa ameketi kwenye nyasi na chupa yake ya chai, ufito bado umo ndani ya mfuko wake. Akaniuliza kama nawaona ng'ombe wa shamba la ng'ambo. Nikasema nawaona. Akauliza ni wa rangi gani. Nikamwambia: wale wawili wekundu, yule wa nyuma mweusi mwenye baka. Akasema, "Basi keti." Tukaketi zaidi ya saa nzima. Popo wakatoka, umande ukashuka, ng'ombe wekundu wakawa weusi, kisha weusi wote wakawa kitu kimoja na ua. Ndipo akaanza kuunganisha ufito wake, na hata hapo bila haraka. Usiku ule alipata watatu. Mimi sikupata kitu, lakini nilirudi nyumbani na kipimo ambacho nimekitumia zaidi ya miaka 20: kama bado unaiona rangi ya kitu kilichoko ng'ambo, usitie hata mguu majini.

Na huo mguu ndio kosa lako la pili. Jioni sewin wanatoka kilindini na kurudi nyuma hadi mkiani mwa lindi, pale maji yanapopungua kina na kuwa laini kama kitambaa kabla hayajaporomoka kwenye kokoto. Mahali penyewe huenda kina chake hakikufiki magotini. Mgeni anapaona pa kupitia tu. Anaingia pale pale, kokoto zinalia chini ya viatu, anasonga kwenda kutupa "kule kwenye kina", na samaki aliokuwa amewajia wameshapita katikati ya miguu yake kurudi chini. Ukimtisha mmoja mkiani, wote wamepata habari.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda mchana kwanza, bila ufito. Tembea ukingo wote wa lindi moja tu, wala usitake malindi manne. Jua uzio uko wapi, mti wenye tawi linaloning'inia uko wapi, pa kuwekea mguu ni wapi. Kingo za Tywi ni za udongo laini, mto unazimega kila mafuriko, na kilichokuwa njia mwaka jana leo kinaweza kuwa shimo. Usiku hutaona chochote cha haya, utakitembea kwa kumbukumbu. Kisha rudi jioni, keti mbali na maji, na giza likikamilika anza ukiwa nchi kavu, kwa kutupa karibu. Mita 8, mita 10. Gizani samaki yuko karibu nawe kuliko unavyodhani. Ndipo uingie polepole, hatua moja kila baada ya kutupa mara mbili, ukiuburuta unyayo bila kuunyanyua.

Kuhusu vifaa sitakuchosha. Ufito wa futi 10, mshipi unaoelea, nailoni ngumu inayohimili ratili 10 au 12. Gizani hakuna haja ya wembamba, na mdomo wa sewin ni laini lakini nguvu zake ni za bahari. Nzi wa bandia asifanane na mdudu. Afanane na kisamaki: mwili wa nyuzi za fedha, shingo ya buluu, mbawa za manyoya ya bata yenye mistari, urefu wa kama sentimita 4. Usiku mweusi sana mimi hufunga mweusi mtupu, maana samaki anatazama juu kwenye mbingu yenye weupe, na kitu cheusi ndicho kinachochora umbo. Tupa ukikata mto kwa mshazari kuelekea chini, mwache nzi aogelee mwenyewe na mkondo, na mkono wako wa kushoto uwe unavuta mshipi kidogo kidogo, kama mtu anayekunja uzi. Taratibu. Ukidhani unavuta taratibu, punguza tena.

Kisha ngoja. Wengine hushika kwa kishindo, mshipi unapokonywa mkononi na samaki yuko hewani kabla hujajua limetokea nini, unasikia kubwata kwake tu gizani. Lakini wale wakubwa mara nyingi hawafanyi fujo. Mshipi unakuwa mzito, basi, kana kwamba mtu ameuwekea kidole upande wa pili. Mtu wa Gura hapo atautikisa ufito juu kwa nguvu, kwa mazoea. Usifanye hivyo, utamchana mdomo. Wewe kaza mkono tu, inua ufito pole, yeye mwenyewe atageuka na ndoana itakaa. Halafu mwache aende. Rili, lile gurudumu la mshipi, ilie. Usiwashe tochi. Tochi ikimulika maji, lindi lako limekwisha kwa saa nzima, pengine kwa usiku wote. Ya kufungia ndoana iwe ndogo, yenye taa nyekundu, na uipe mto kisogo.

Karibu na saa sita usiku mambo hupoa. Hewa inakuwa baridi kuliko maji, ukungu unaanza kuinuka kama mvuke wa sufuria, samaki wanakoma kuruka, na magari yanaanza kuwashwa kule kwenye maegesho. Kama una zamu asubuhi, nenda ukalale, wagonjwa wanakuhitaji ukiwa mzima. Kama huna, kunywa chai, badilisha mshipi uweke ule unaozama, funga nzi mrefu zaidi, na urudi kilindini uvue chini na polepole mpaka mashariki ianze kupambazuka. Samaki wangu wakubwa karibu wote nimewapata katika muda huo wa pili, ambao watu wanaukimbia.

Kuhusu maji na hali ya hewa, wewe wa bara nami wa pwani tutasaidiana. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na nilipofika huku kilichonishangaza kuliko baridi ni bamvua lao, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa. Pwani yetu bamvua hupandisha maji mita 3 hadi 4. Ghuba ya Carmarthen hupandisha mita 7 na zaidi, na maji ya kujaa hufika mpaka mjini kwako, Carmarthen. Bamvua la Mei na Juni linapojaa usiku, samaki wapya huingia nalo, na baada ya usiku mmoja au miwili unawakuta malindi ya juu wakiwa bado na wepesi wa baharini. Hao wapya ndio wanaoshika vizuri zaidi. Aliyekaa mtoni majuma matatu amekuwa mkaidi.

Mvua nayo ina lugha yake. Mto ukifura na kuwa chai ya maziwa, kaa nyumbani. Unapoanza kushuka na kuwa chai ya rangi, hapo hata mchana unaweza kupata samaki, usiache kwenda. Ukirudi kuwa maji matupu, rudi kwenye sheria ya giza. Juu kabisa milimani kuna bwawa la Llyn Brianne, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambalo huachia maji wakati wa ukame, kwa hiyo Tywi haukauki kama mito jirani. Na mbalamwezi, mimi siipendi. Mwezi ukiwa nyuma yako, kivuli chako kinatangulia majini. Chagua usiku wa mawingu, wenye joto kidogo, hewa imetulia.

Ukiwa na jioni ya mapumziko, shuka pia chini ya daraja la Carmarthen msimu wa nyavu ukiwa wazi. Pengine utabahatika kuwaona wavuvi wa vikorakoli, vile vyombo vya mtu mmoja vyenye umbo la nusu ya ganda la kokwa ya jozi, mbao nyembamba zilizosukwa na kufunikwa kitambaa kilichopakwa lami. Wawili wanateremka na mkondo sambamba, wavu umetandazwa katikati yao, kila mmoja akipiga kafi kwa mkono mmoja. Wakimaliza kila mtu anakibeba chombo mgongoni kama kobe. Huvua usiku kwa sababu ile ile niliyokwisha kukueleza. Zamani walikuwa wengi, leo leseni zilizobaki Tywi zinahesabika kwa vidole vya mikono miwili, na kila nikiwaona nawakumbuka wazee wetu wa ngalawa.

Sasa swali lako la pili, la kumpeleka nyumbani. Kwanza hakikisha leseni uliyonayo. Kibali cha klabu peke yake hakitoshi: lazima uwe na leseni ya serikali ya ufito, tena ile ya samoni na trauti wa bahari, maana ile ya trauti wa kawaida haikuruhusu kumvua sewin. Mwisho wa mwaka utatoa taarifa ya ulichopata, hata kama hukupata kitu. Kuanzia 2020, kwa sheria ndogo za Cyfoeth Naturiol Cymru, yaani shirika la mazingira la Wales, ndoana ziwe hazina kijino cha kuzuia kuchomoka, kila samoni arudishwe majini akiwa hai, na kila sewin anayezidi sentimita 60 arudishwe pia. Klabu nyingi zinaongeza masharti yao, yasome.

Kwa hiyo lazima ujue kumtofautisha samoni na sewin, gizani, ukiwa umepiga magoti majini na mikono inatetemeka. Mshike kwenye kiuno cha mkia. Samoni ana kiuno chembamba na mkia uliopinda kwa ndani, mkono unakwama pale kama umeshika mpini. Sewin anateleza na kukutoka. Mkia wake umekatwa mraba. Kisha mtazame uso: kwa sewin mfupa wa taya la juu unapita nyuma ya jicho, kwa samoni unaishia usawa wa jicho. Na sewin ana madoa mengi zaidi, hata chini ya ule mstari wa ubavuni. Ukiwa na shaka, mwachie.

Nikuambie na la moyoni. Sewin wamepungua sana. Nilipoanza, usiku wa Juni mkia wa lindi moja ulikuwa ukichemka. Siku hizi naketi usiku mzima nikahesabu wawili. Samadi ya maji kutoka mashamba ya ng'ombe inaingia vijitoni, maji ya kiangazi yanazidi kupata joto, na shirika lenyewe linaiweka mito mingi ya sewin katika hali ya mashaka. Wale wakubwa wa Mei na Juni wengi ni majike yaliyokwisha kuzaa mara moja au zaidi, maana sewin, tofauti na samoni wengi, huzaa, akarudi baharini, akapanda tena mwaka ujao na mwingine. Jike mmoja wa namna hiyo amebeba maelfu ya mayai. Sheria inakuruhusu kumchukua wa sentimita 58. Mimi nakuomba usimchukue. Mfungue ndoana akiwa ndani ya maji, mwelekeze kichwa kwenye mkondo, umshikilie mpaka akusukume mwenyewe.

Ngoja Julai. Wadogo wa nusu kilo watakapopanda, na klabu ikiruhusu, chukua mmoja, mmoja tu, kwa ajili ya nyumbani. Mtie chumvi na siagi kidogo tumboni, mfunge kwenye karatasi ya fedha, umweke ndani ya oveni yenye moto wa wastani kwa dakika 20. Usimkaange kwa mafuta mengi na bizari kama samaki changu, utampoteza. Mkeo akimfungua atakuta nyama ya rangi ya papai lililoiva, kwa ajili ya wale kamba wa baharini, na atakuuliza kama kweli huyu ndiye trauti yule yule wa Gura.